Kinyama kivuke mpaka kabla ya mgonjwa

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Sudan Kusini, malori ya mahindi na unga kutoka Uganda yakakwama kwenye mpaka wa Elegu na Nimule kwa sababu hiyo hiyo. Tangu hapo mfanyabiashara wa nafaka anasoma karatasi ya maabara kama anavyosoma ankara. Anajua kwamba kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 za sumukuvu kwa kila sehemu bilioni moja za mahindi. Anajua pia maswali ya kuuliza. Sampuli ilitolewa gunia lipi? Nani aliitoa? Ilipimwa maabara gani? Upande wa pili watayakubali majibu haya?

Maswali hayo ni ya busara, lakini wengi wetu tunayaacha nje ya lango la hospitali. Mtu ameota uvimbe pajani au shingoni, anapimwa damu, anapewa karatasi yenye tarakimu iliyopita kiwango. Anaambiwa huenda ni kansa. Hapo safari huanza. Mzigo unauzwa kwa bei ya kutupa, dola zinatafutwa, na mgonjwa na ndugu yake wanapanda basi kwenda Kampala au Nairobi. Mtaji wa miaka kumi unaweza kuisha kabla jina la ugonjwa halijajulikana.

Hoja ya makala haya ni moja. Kwa saratani nyingi za tishu laini, tarakimu ya damu haitoshi kutaja ugonjwa. Jina la ugonjwa limo ndani ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe wenyewe. Na kinyama hicho, tofauti na damu na tofauti na mgonjwa, husafiri vizuri sana. Kama Jumuiya yetu inaweza kupitisha saruji, mchele na nyanya mpakani, basi ijifunze pia kupitisha kinyama.

Mizani haijui kilichomo guniani

Saratani za tishu laini ni zile zinazoota katika misuli, mafuta, kano, neva na kuta za mishipa ya damu. Madaktari huziita sarakoma. Aina zake zimepita 50, na duniani kwa jumla ni kama asilimia 1 tu ya saratani za watu wazima. Kwetu Afrika Mashariki sehemu yake ni kubwa zaidi kwa sababu ya sarakoma ya Kaposi, ambayo ilikuwepo Uganda na Kongo hata kabla ya Ukimwi na ikaenea sana pamoja na Ukimwi.

Miongoni mwa vipimo vya damu anavyoandikiwa mtu mwenye uvimbe wa kutiliwa shaka kimo kinachoandikwa kwa herufi tatu, LDH. Herufi hizo ni kifupi cha laktati dehidrojenasi, ambacho ni kimeng'enya. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi ndani ya seli, na bila vimeng'enya kazi za mwili zingekwenda polepole kiasi cha kutuua. LDH kazi yake iko kwenye njia ambayo seli hutumia kuchoma sukari pale oksijeni inapokuwa haba. Katika miaka ya 1920 mwanasayansi wa Ujerumani Otto Warburg alionyesha kwamba seli za saratani hupenda njia hiyo hata kama oksijeni ipo tele. Uvimbe unaokua kwa kasi huwa na LDH nyingi, na seli zake zinapokufa na kupasuka, kimeng'enya humwagika ndani ya damu kama unga unaovuja kwenye gunia lililotoboka. Ndiyo maana tarakimu hupanda.

Tatizo ni kwamba karibu kila seli ya mwili ina LDH. Misuli inayo, ini linalo, moyo unao, figo zinayo, na chembe nyekundu za damu zimejaa LDH. Mtu aliyebeba magunia siku nzima na kuumia misuli, LDH yake yaweza kupanda. Mwenye homa ya ini, itapanda. Mwenye ugonjwa wa selimundu, itapanda. Na mwenye malaria itapanda, kwa sababu vimelea vya malaria hupasua chembe nyekundu za damu. Katika Juba, ambako malaria ndiyo ugonjwa unaowapeleka watu wengi kliniki, tarakimu ya LDH iliyopita kiwango inaweza kuwa na sababu kadhaa kabla ya kuifikia saratani.

Upande wa pili nao una mtego wake. Mtu anaweza kuwa na sarakoma ya ukubwa wa ngumi pajani na LDH yake ikawa ya kawaida kabisa. Akipewa karatasi nzuri atarudi dukani akiwa ametulia, na uvimbe utaendelea kukua. Karatasi mbaya humfilisi mtu bure, na karatasi nzuri humlaza usingizi. Hii ya pili ndiyo inayoua.

LDH ni kama mizani. Mizani hujua kilo, haijui kama ndani ya gunia kuna mahindi, mtama au mchanga. Ili ujue kilichomo, unachoma bambo, unatoa punje, unazitazama. Daktari naye ana bambo lake: sindano nene yenye tundu, au kisu kidogo, kinachotoa kinyama kutoka kwenye uvimbe ili kitazamwe kwa hadubini. Hadi leo hakuna kimeng'enya cha damu ambacho madaktari wa nchi yoyote wanakitegemea peke yake kutambua sarakoma.

Kimeng'enya chenye mwenyewe

Haina maana kwamba vimeng'enya havifai kitu. Vinafaa sana, ila sharti tuulize kimeng'enya ni cha nani.

Mfano ulio karibu nasi ni kile kipimo cha malaria cha haraka, cha tone la damu kidoleni, kinachouzwa hadi maduka ya dawa ya Konyo Konyo. Baadhi ya vipimo hivyo hutafuta LDH, lakini si ya binadamu. Kimelea cha malaria nacho kinayo LDH yake, na umbo lake limetofautiana kidogo na la kwetu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoleta thamani: ikionekana kwenye damu, haikutoka kwenye misuli wala ini, imetoka kwa kimelea. Vipimo vingine hutafuta protini tofauti ya kimelea, HRP2. Eritrea ilipogundua kwamba baadhi ya vimelea vyake vimepoteza protini hiyo na vinakipita kipimo bila kuonekana, ilibadili aina ya vipimo mwaka 2016.

Kwa hiyo kimeng'enya kile kile, chenye jina lile lile, ni shahidi mzuri wa malaria na shahidi dhaifu wa saratani. LDH ya kimelea ina mwenyewe. LDH ya uvimbe ni sawa na ya mwili mzima, kwa hiyo haina wa kudaiwa.

Katika saratani za tishu laini kuna kimeng'enya chenye mwenyewe, na historia yake inapaswa kujulikana na kila mgonjwa anayetoka Juba. Katika kuta za tumbo na utumbo huota uvimbe ambao kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa sarakoma ya misuli ya kawaida. Haukusikia dawa yoyote ya saratani iliyokuwepo. Mwaka 1998 watafiti wa Japani wakiongozwa na Seiichi Hirota walionyesha kwamba uvimbe huo ni ugonjwa wa peke yake, na kwamba nyingi ya seli zake zina kimeng'enya kiitwacho KIT ambacho swichi yake imekwama ikiwa imewashwa. Seli zinaambiwa zizaliane, zizaliane, bila kupumzika. Mwaka 2002 Marekani iliidhinisha dawa ya kidonge, imatinibu, kwa ajili ya ugonjwa huo. Kidonge hicho huzima swichi. Watu waliokuwa wakihesabiwa miezi wakaanza kuishi miaka.

Lakini KIT haitafutwi kwenye damu. Hutafutwa ndani ya kinyama, kwa kukipaka rangi maalumu inayoshika kwenye kimeng'enya hicho tu. Kwa miaka mingi wagonjwa wa Kenya walipata dawa hiyo bila malipo kupitia mpango wa kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation, na sharti la kuingia kwenye mpango lilikuwa karatasi ya maabara inayosema KIT imeonekana. Karatasi moja iliyotokana na kinyama kimoja ilikuwa ufunguo wa dawa ambayo mfanyabiashara wa kawaida asingeweza kuinunua. Asiye na kinyama kilichopimwa hana ufunguo, hata kama LDH yake imepimwa mara ishirini.

Ugonjwa uliobadilishwa jina Kampala

Eneo letu lina somo jingine kubwa kuhusu jambo hili, na lilianzia Mulago. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa kutisha kwenye mataya ya watoto wa Afrika. Aliuita sarakoma. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 katika Afrika Mashariki na Kati, wakienda hospitali hadi hospitali wakiuliza ni wapi ugonjwa huo upo na ni wapi haupo. Mmoja wa wenzake hao, Ted Williams, alikuwa daktari wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, West Nile, jirani kabisa na Yei na Kajo-Keji.

Sampuli za uvimbe huo zilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakakuta ndani yake kirusi ambacho leo kinabeba jina lake. Uchunguzi wa vinyama nao ulionyesha kwamba ugonjwa wenyewe si sarakoma. Ni saratani ya seli za kinga, ikaitwa limfoma ya Burkitt. Kubadilika kwa jina kulibadili matibabu. Uvimbe ambao kisu kilishindwa kuumaliza ulionekana kuyeyuka kwa dawa. Kituo kilichoanzishwa Mulago mwaka 1967 kwa ajili ya kutibu limfoma hiyo ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Hapa LDH ina heshima yake. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote, na inaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu. Baada ya kinyama kutaja jina lake, LDH humwambia daktari uzito wa mzigo: ugonjwa ni mwingi kiasi gani, dawa ianze kwa tahadhari gani, na siku za mbele, je, unapungua? Mizani inafaa sana mkishajua kinachopimwa.

Mtoto mwenye taya lililovimba na meno yanayolegea mara nyingi hupelekwa kwanza kwa mng'oa meno, au hupewa antibiotiki. Kwa ugonjwa unaoweza kuongezeka maradufu kwa siku chache, wiki tatu za kusubiri ni muda mrefu mno. Kati ya mwaka 2010 na 2016 utafiti mkubwa juu ya limfoma hii ulifanyika Uganda, Kenya na Tanzania, ukizihusisha hospitali za Lacor mjini Gulu na Kuluva yenyewe, zote zikiwa umbali wa saa chache kutoka mpaka wa Sudan Kusini. Sudan Kusini haikuwamo. Mbu, malaria na kirusi cha Epstein havikusimama Nimule kugongewa mhuri, lakini uchunguzi ulisimama.

Na Kaposi? Madoa yake meusi au ya zambarau kwenye ngozi huonekana rahisi kutambua, na wengi huanzishiwa dawa kwa macho tu. Lakini watafiti waliowachukulia vinyama wagonjwa wa Kenya na Uganda waliokuwa wakishukiwa kuwa na Kaposi walikuta kwamba karibu robo yao hawakuwa nayo. Hebu fikiria mtu mmoja kati ya wanne akibeba dawa za kansa mwilini kwa ugonjwa ambao hana, huku ugonjwa alio nao ukiendelea bila dawa.

Barabara zinazotoka Juba

Sudan Kusini haina kituo cha tiba ya mionzi, na wataalamu wa kusoma vinyama ni wachache mno kwa nchi yenye watu wa kiasi chake. Kwa hiyo mgonjwa wa saratani wa Juba amekuwa mgonjwa wa barabarani. Kwa miaka mingi barabara moja ilielekea kaskazini, Khartoum, ambako lugha ilikuwa ile ile na ndugu walikuwepo. Vita vilivyozuka Aprili 2023 viliifunga, na kituo kikuu cha mionzi cha Khartoum kikasimama. Zimebaki njia za Kampala, Nairobi, na kwa wenye uwezo zaidi Cairo na India.

Njia ya Kampala ndiyo ya wengi. Ni barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Juba hadi Nimule, iliyokamilika mwaka 2012, kisha Gulu, kisha mji mkuu. Ni barabara hiyo hiyo ambayo madereva wa malori waliwahi kuigomea mwaka 2021 kwa sababu ya mashambulizi. Na mwisho wa safari hakuna dhamana. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika kabisa, na mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katika kipindi hicho hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu Waganda 400. Yaani hata mwenyeji naye alilazimika kuvuka mpaka.

Katika msongamano wa namna hiyo, mtu anayewasili na karatasi ya LDH mkononi anaanzia nyuma ya mstari. Atapimwa upya, atasubiri siku ya kuchukuliwa kinyama, atasubiri majibu wiki moja, mbili au tatu, na muda wote huo analipa chumba na chakula, yeye na anayemsindikiza. Wengine wataambiwa mwishoni kwamba uvimbe ni wa mafuta tu na hauna madhara. Hilo ni jambo la kushangilia, na ndivyo ulivyo uvimbe mwingi wa tishu laini. Lakini jibu hilo lingeweza kuwafikia wakiwa Juba, duka likiwa wazi.

Kipi husafiri, kipi huharibika

Mfanyabiashara anajua tofauti ya nyanya na maharage. Damu ya kupima LDH ni nyanya. Chembe nyekundu zina LDH nyingi mara dufu nyingi kuliko maji ya damu yanayozizunguka. Sindano ikivutwa kwa nguvu, chupa ikitikiswa barabarani, au damu ikikaa saa nyingi kwenye joto kabla ya kutenganishwa, chembe hupasuka na tarakimu hupanda ingawa mgonjwa hana tatizo. Ukisema basi tuiweke kwenye barafu, aina nyingine za LDH hazivumilii baridi na tarakimu inashuka. Hiyo ni bidhaa ya kupimwa pale pale ilipovunwa.

Kinyama ni maharage. Kikiwekwa mara moja kwenye formalini, ya kutosha mara kumi ya ukubwa wake, hakiozi. Hakihitaji barafu. Ndani ya siku chache kinatakiwa kufika maabara, kwa sababu kikikaa kwenye formalini muda mrefu mno baadhi ya vipimo vya ziada, kama kile cha KIT, vinaweza kuharibika. Maabara hukikausha na kukizamisha kwenye nta, kikawa kidonge kigumu. Kikishafika hapo kinaweza kukaa miaka mingi kwenye sanduku la kawaida, katika joto la kawaida, na bado kikasomeka. Kampala wanaweza kukikata tabaka, Nairobi wakalipaka rangi, na kesho kutwa daktari mwingine akaomba tabaka jingine kutoka kidonge kile kile.

Hesabu yake haihitaji kikokotozi. Upande mmoja kuna nauli ya watu wawili, hati za kusafiria, chumba cha wiki tatu, na duka lililofungwa. Upande wa pili kuna kichupa kilichofungwa vizuri ndani ya kisanduku, kinachoweza kwenda pamoja na vifurushi vingine. Mgonjwa asafiri akishajua anafuata nini: upasuaji, mionzi, dawa, au asisafiri kabisa.

Jumuiya imeshafanya magumu kuliko haya

Wapo watakaosema mambo ya hospitali ni nyeti, kila nchi ina sheria zake. Ni kweli. Lakini tukumbuke mwaka 2020. Wakati wa korona madereva walipanga foleni za siku kadhaa mpakani, kila nchi ikitaka kuwapima upya. Jumuiya ikaweka mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia madereva na mizigo, na nchi wanachama zikakubaliana kwamba cheti kilichotolewa na maabara ya nchi moja kikubaliwe na nyingine. Mwaka huo huo Jumuiya iligawa maabara tembezi tisa kwa nchi wanachama kwa msaada wa Ujerumani, Sudan Kusini ikiwamo. Haikwenda bila mikwaruzano, lakini ilithibitisha kwamba majibu ya maabara yanaweza kuvuka mpaka yakaheshimiwa.

Msingi mwingine upo pia. Mwaka 2014 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kugharimia vituo vya ubora vya Afrika Mashariki. Kenya ilipewa figo, Tanzania moyo, na Uganda saratani. Taasisi ya Saratani ya Uganda basi ni mali ya Kampala kwa anwani, lakini kwa mpango ni ya Jumuiya nzima. Mradi wa kuunganisha maabara za afya ya jamii uliogharimiwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2010 uliboresha maabara za mipakani za Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na baadaye Burundi. Sudan Kusini ilikuwa bado haijajiunga na Jumuiya. Imejiunga mwaka 2016, na sasa haina sababu ya kubaki nje ya mitandao ya namna hiyo.

Mfanyabiashara mdogo anaijua karatasi rahisi ya uasili wa bidhaa, inayomruhusu kupitisha mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 bila wakala. Kinyama nacho kinahitaji karatasi yake rahisi: fomu moja inayojulikana Nimule, Elegu, Malaba na Busia, yenye namba ya mgonjwa badala ya jina lake, yenye kueleza kwamba kilichomo kimehifadhiwa kwa formalini au nta, na kinakwenda kwa ajili ya matibabu. Afisa wa forodha asiyekijua kitu hukizuia, na hapaswi kulaumiwa kwa kutokijua. Anapaswa kupewa fomu.

Fomu hiyo ijibu pia hofu moja ya haki. Historia ya tiba katika eneo letu ina sampuli nyingi zilizoondoka zikaleta sifa kwa wengine, na wagonjwa wenyewe wakabaki bila jibu. Makubaliano ya Jumuiya yaseme wazi: kinyama ni cha mgonjwa, kimetumwa kwa ajili ya tiba yake, majibu yarudi kwa daktari wake ndani ya siku zilizotajwa, na kidonge cha nta kirudishwe au kitunzwe mahali anapoweza kukidai. Utafiti ukihitajika, aombwe ruhusa yake.

Wengine watasema suluhisho ni kuwa na wataalamu Juba, si kutuma vinyama nje. Hayo mawili hayagombani. Daktari wa kusoma vinyama hufunzwa kwa miaka mingi, na mwanafunzi wa Juba hujifunza kwa kuona vinyama vingi vya watu wa kwao na kulinganisha alichokisoma na jibu la mwalimu aliyeko Kampala. Njia ya kupeleka vinyama inaweza kuwa pia njia ya kurudisha ujuzi.

La kufanya kabla ya kuuza mzigo

Makubaliano ya serikali huchukua muda, na uvimbe hausubiri kikao. Kwa hiyo yapo ambayo msomaji anaweza kuyafanya sasa.

Uvimbe uliozidi ukubwa wa limau, unaokua, ulio ndani sana chini ya ngozi, au uliorudi baada ya kukatwa, uonwe na daktari bila kuchelewa, hata kama hauumi. Sarakoma nyingi haziumi mwanzoni. Mtoto mwenye taya au tumbo linalovimba ndani ya siku chache apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

Ukipewa karatasi ya LDH au kimeng'enya kingine, muulize daktari maswali yale yale ya mahindi. Tarakimu hii inaweza kupandishwa na nini kingine? Nimepimwa malaria na ini? Damu ilitenganishwa baada ya muda gani? Na swali kubwa kuliko yote: kinyama kitachukuliwa lini, na kitasomwa wapi?

Usikubali uvimbe mkubwa ukatwe wote kabla kinyama hakijasomwa, isipokuwa daktari akueleze kwa nini. Sarakoma iliyokatwa bila kujulikana huacha mabaki, na upasuaji wa pili huwa mgumu kuliko wa kwanza. Na kinyama kikichukuliwa, hakikisha kimewekwa kwenye formalini, si kwenye maji, na usiondoke bila namba yake. Ukilazimika kusafiri, chukua pamoja nawe ripoti, na omba kidonge cha nta na vioo vilivyosomwa. Hivyo vina thamani kuliko faili zima la vipimo vya damu, kwa sababu daktari wa Kampala au Nairobi anaweza kuvisoma mwenyewe bila kukukata tena.

Vyama vya wafanyabiashara wa Juba, Elegu na Arua vina sauti katika vikao vya mipakani kuliko wagonjwa. Vimeitumia sauti hiyo kudai mizani ya haki, barabara salama na vipimo vya sumukuvu vinavyokubalika pande zote mbili. Viongeze dai moja kwenye orodha. Wanachama wao ndio wanaouza mzigo usiku mmoja ili kufuata jibu Kampala, na jibu hilo lingeweza kuja lenyewe.